Kamera kwa Ukungu wa Rungwe na Vumbi la Ruaha

Mwezi Mei 2005, jarida la Science la Marekani lilitangaza kima mpya kutoka Tanzania. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa wakimwita kipunji kabla mtaalamu yeyote hajamwandika, na ni simulizi za wawindaji wao zilizowafanya watafiti wa shirika la WCS waanze kumfuatilia mwaka 2003. Mwaka uliofuata timu nyingine, isiyojua habari za ile ya kwanza, ilimwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Kwa desturi, anayetangaza mnyama mpya huweka mwili wake makumbusho ili wengine waukague. Safari hii mwili haukuwepo. Kima hao walikuwa wachache mno kwa mtu kuthubutu kumuua hata mmoja, hivyo picha zikasimama mahali pa mwili. Baadhi ya wanasayansi walipinga waziwazi. Baadaye kipunji aliyekufa kwenye mtego wa mkulima alichunguzwa, na mwaka 2006 kima huyo akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus.

Sijui mfano mzuri kuliko huo wa kazi ambayo kamera imewahi kufanya katika Nyanda za Juu Kusini. Thamani ya picha zile ilitokana na watu kusikiliza wenyeji, kupanda milima yenye utelezi, na kukaa chini ya miti hadi mnyama mwenye haya ajitokeze. Ndiyo maana swali ninalolisikia mara nyingi kwa vijana wanaotaka kusimulia safari zao za Mbeya na Iringa, kwamba wanunue kamera gani, naliona linaanzia mwishoni. Katika milima hii kamera ni sehemu ndogo ya hesabu. Unyevu, umeme, sauti, ruhusa na siku za kukaa mahali ndivyo vinavyoamua kama kazi itafaa, na pesa nyingi zinapaswa kuelekea huko.

Chukua hali ya hewa kwanza, maana ndiyo inayoua vifaa. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka huohuo wa 2005, ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 400 kwenye uwanda ulio kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua yake, pamoja na aina zaidi ya 40 za okidi, huchanua kati ya Novemba na Aprili. Miezi hiyohiyo ndiyo ya mvua, ukungu na tope, na barabara ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba, yenye kona 57, huwa mtihani kwa gari lolote. Kwa maneno mengine, Kitulo hujipamba wakati ambao ni mgumu kuliko wote kuifikia na kuipiga picha. Anayekwenda Agosti akikwepa mvua atakuta nyasi na baridi kali.

Ruaha ni kinyume chake. Bonde la Usangu lilipounganishwa nayo mwaka 2008, hifadhi hiyo ilifikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na wanyama huonekana vizuri kuanzia Juni hadi Oktoba, maji yanapokauka na tembo wanapojaa kando ya mto Ruaha Mkuu. Hapo adui ni vumbi. Kutoka Iringa mjini hadi Msembe, ndani ya hifadhi, ni kama kilomita 130, na sehemu kubwa ya njia hiyo imezoeleka kwa vumbi jekundu linaloingia hata kwenye begi lililofungwa zipu. Kubadilisha lenzi ndani ya gari lililo wazi Ruaha ni kualika chembe zikae juu ya kihisi cha kamera, na kila anga utakayopiga baada ya hapo itakuwa na madoa.

Kwa hiyo mtu anayezunguka nyanda hizi mwaka mzima anahitaji ulinzi wa maji kwa nusu ya mwaka na ulinzi wa vumbi kwa nusu iliyobaki. Ulinzi huo ni rahisi kwa bei: mifuko ya plastiki inayofungwa kwa kubana, vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, taulo kavu, na mfuniko wa mvua wa begi. Umuhimu wake huonekana siku unaposhuka kutoka Kitulo hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ni mteremko wa zaidi ya mita 2,000 kwenda chini, kutoka baridi hadi joto lenye unyevu. Kamera iliyopoa usiku kucha ikifunguliwa ghafla pale ziwani, mvuke hugeuka matone juu ya kioo na, kibaya zaidi, ndani yake. Ifungwe kwenye mfuko ikiwa bado baridi, iachwe ipate joto la mahali taratibu, ndipo itolewe. Na Tukuyu, ambako mvua ni nyingi kuliko karibu kila mahali Tanzania, lenzi iliyokaa wiki kadhaa kwenye begi lenye unyevu huota kuvu. Kuvu ikishaingia kati ya vioo, kuitoa ni gharama.

Sasa tuje kwenye kamera zenyewe. Simu janja inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii, na naisema kauli hiyo kwa moyo wote. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, yenye Tecno, Infinix na itel, ilijijengea soko Afrika kwa laini mbili, betri inayodumu, na kamera iliyopangwa ili iisome vizuri ngozi nyeusi. Jambo hilo la tatu ni zito. Kwa miongo mingi filamu za rangi zilipimwa kwa picha za wanawake Wazungu, na sisi tukatoka tukiwa vivuli vyenye meno. Leo mama anayeuza parachichi kando ya barabara Rungwe anaweza kupigwa kwa simu ya bei ya kawaida na uso wake ukaonekana ulivyo. Isimila ya Iringa, na nguzo zake za mchanga zilizochongwa na mmomonyoko, zana za mawe za kale zikiwa zimetandazwa chini, inahitaji lenzi pana na mwanga wa asubuhi tu. Lenzi hiyo simu inayo. Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani takriban 16, hakikimbii.

Simu hushindwa kwenye mambo mawili: umbali na giza. Lenzi yake kuu ni pana, sawa na ile ya milimita 24 au 26 kwenye kamera kubwa. Kima aliye juu ya mti mrefu atakuwa nukta. Kuvuta picha kwa vidole hakumsogezi. Kunakata tu kipande cha katikati na kukikuza. Anayependa wanyama hushauriwa kamera yenye lenzi isiyobadilishwa na inayovuta mbali sana. Mfano unaofahamika ni Nikon P900 ya mwaka 2015, iliyofikia kipimo sawa na milimita 2000. Ushauri huo ni mzuri kwa Ruaha, kwa sababu jua ni kali na lenzi isiyotoka haina mlango wa kupitishia vumbi. Ukiipeleka kamera hiyohiyo Rungwe au kwenye msitu wa kupandia Ziwa Ngozi, inakuangusha. Kihisi chake ni kidogo, na chini ya miti ile mwanga ni haba hata saa sita mchana, hivyo picha hutoka na chenga. Msitu unataka kihisi kikubwa na lenzi inayofunguka sana. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ni ya bei ndogo karibu kwa kila aina ya kamera, nayo hufaa pia kwa okidi na kwa nyuso za watu.

Kuna hoja ya matengenezo, ambayo wanaoshauri kutoka mbali hawaifikirii. Simu ikivunjika kioo, Mwanjelwa kule Mbeya na Miomboni kule Iringa kuna mafundi wanaoweza kuirudisha siku hiyohiyo. Kamera ikikwama mlango wa mwanga, safari ni ya Dar es Salaam, mara nyingi kwa mkono wa kondakta wa basi, na kusubiri. Hali kadhalika betri na chaja zake. Kifaa kisicho na fundi karibu kina bei ya pili ambayo haiandikwi kwenye boksi. Kwa anayeanza, afadhali kukodi: wapiga picha wa harusi na mahafali katika miji yote miwili wana lenzi ambazo hukaa bure katikati ya wiki.

Umeme nao una hesabu yake. Pawabenki ya mAh 20,000 ina nguvu ya kama Wh 74, na betri ya simu ya mAh 5,000 ina kama Wh 19. Ukitoa kinachopotea njiani, utaijaza simu mara mbili na nusu, pengine karibu tatu. Hizo ni siku mbili za kupiga video kwa uangalifu. Kwenye ndege pawabenki haipakiwi kwenye mzigo wa chini, na mpaka wa kawaida ni Wh 100, kwa hiyo ya 20,000 inapita. Baridi ya Kitulo, ambayo Juni na Julai huleta umande ulioganda, hupunguza uwezo wa betri kwa muda. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Paneli ndogo za sola za kubeba mgongoni ni za Ruaha. Rungwe mawingu yanazikatisha tamaa. Vijijini kuna vibanda vya kuchaji simu kwa ada ndogo, navyo vina faida ambayo hakuna kifaa kinachoileta: unakaa pale saa nzima, watu wanakuuliza umetoka wapi, na mara nyingi hapo ndipo hadithi ya safari inapopatikana.

Kuhusu ukubwa wa video nina msimamo. Video ya 4K kwa kasi ya kawaida ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa moja. Kadi ya GB 128 haifiki saa tatu. Ukiishapiga, lazima uihifadhi, uihariri kwenye kompyuta yenye nguvu, kisha uipandishe kwa bando. Ile ya 1080p hula kama GB 9 tu kwa saa. Watazamaji wako wengi wanaangalia kwenye kioo cha simu, nao pia wanalipia bando. Sioni sababu ya kuwatoza wao na kujitoza mwenyewe kwa ajili ya ukali wa picha ambao hakuna atakayeuona. Fedha hiyo inunue kadi mbili badala ya moja, na diski ndogo ya kuwekea nakala kila usiku.

Eneo lililopuuzwa kuliko yote ni sauti. Video nyingi za kusini zina picha safi na upepo unaovuma juu yake kana kwamba mtu anapasua turubai. Kitulo hakuna miti ya kuzuia upepo. Ukingoni mwa Ngozi, ziwa likiwa chini kabisa ndani ya kreta, upepo hupanda kutoka kila upande. Maiki ndogo ya kubana kwenye shati, yenye kifuniko cha manyoya, hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya kamera na hubadilisha kazi yote. Tena milima hii ni milima ya lugha. Iringa utaanza na kamwene, Tukuyu na Kyela utaanza na ugonile, na mzee atakayekusimulia habari za jiwe la Gangilonga au za Daraja la Mungu atazisimulia vizuri zaidi kwa Kihehe au Kinyakyusa. Mwache aseme kwa lugha yake, mrekodi kwa maiki iliyo karibu na kifua, kisha weka maandishi ya Kiswahili chini. Picha ya mlima Rungwe itapigwa tena na wengine maelfu. Sauti ya mzee huyo haitapatikana tena akishaondoka. Ndiyo maana nikiambiwa nichague kati ya lenzi ya pili na maiki ya kwanza, nachagua maiki bila kusita.

Ruhusa ni kifaa pia, na kisipokuwepo vingine vyote havifanyi kazi. Droni ndiyo inayowaponza wengi. Inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na ndani ya hifadhi hairuhusiwi bila idhini ya shirika la hifadhi za taifa, TANAPA. Kwamba ile ndogo ina uzito wa chini ya gramu 250 hakumfanyi askari wa hifadhi aipuuze, na ana haki: tembo huikimbia sauti yake, na ndege huacha viota. Daraja la Mungu na Kijungu, kwenye mto Kiwira, viko jirani na chuo cha magereza cha Kiwira, kwa hiyo kamera inaelekezwa mtoni, si kwenye majengo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 zilizojengwa kati ya 1970 na 1975, ina madaraja na mahandaki ya kuvutia kati ya Mlimba na Makambako, lakini madaraja na stesheni huhesabiwa kuwa maeneo ya ulinzi. Mwone mkuu wa stesheni kwanza, kwa shikamoo na maelezo kamili. Ukiambiwa hapana, iwe hapana.

Anayechapisha mtandaoni ana sheria nyingine. Kanuni za maudhui za mwaka 2018 zilidai leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na ada za mwaka wa kwanza zilizidi shilingi milioni 2, kiasi kilichowafanya wengi wafunge. Kanuni zilirekebishwa mwaka 2020 na 2022 na mzigo umepungua, ila anayechanganya safari na habari azisome mwenyewe. Tangu Mei 2023 ipo pia sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na uso wa mtu ni taarifa yake.

Kwa Iringa kuna jambo ambalo kila mwenye kamera anapaswa kulijua. Tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa Nyololo, wilayani Mufindi, akiwa kazini kwenye mkutano wa kisiasa. Askari polisi alitiwa hatiani mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia. Picha zilizopigwa na waandishi wenzake ndizo zilizoionyesha nchi kilichotokea. Msafiri hapigi picha za siasa, lakini anatembea katika mkoa ambako kamera kubwa begani ina kumbukumbu nzito. Simu na kamera ndogo hupunguza hofu kwa pande zote mbili, na hiyo kwangu ni sifa ya kiufundi sawa na idadi ya megapikseli.

Kumbukumbu hiyo inarudi nyuma zaidi. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alipita nyanda hizi mwishoni mwa karne ya 19, wakati vita dhidi ya Wahehe vilipokuwa vikimalizika, na akapiga picha nyingi za watu wa huku. Kitabu chake kuhusu nchi za Nyasa na Ruvuma kilitoka Berlin mwaka 1906. Picha hizo zimo kwenye maktaba za Ulaya, na wajukuu wa waliopigwa wengi hawajawahi kuziona. Mkwawa mwenyewe, mtawala wa Wahehe, alijiua Julai 1898. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likatajwa katika Mkataba wa Versailles mwaka 1919, na halikurudi hadi gavana Edward Twining alipolikabidhi mwaka 1954. Liko kwenye makumbusho ya Kalenga, ndani ya kioo. Naomba kwa dhati lisigeuzwe kuwa picha ya jalada la video. Piga jengo, piga mlango, msikilize mwelekezaji.

Kwa sababu ya historia hiyo, kifaa ninachokithamini karibu sawa na maiki ni mashine ndogo ya kuchapa picha, inayowekwa kwenye begi na kuunganishwa na simu. Bibi aliyekupa chai Mufindi hatafungua ukurasa wako. Karatasi yenye sura yake ataitundika ukutani. Karatasi zina gharama, na wino una gharama, lakini hiyo ndiyo picha pekee katika safari yote inayobaki pale ilipopigwa.

Serikali ilipotengeneza filamu ya Royal Tour, iliyozinduliwa Aprili 2022, macho ya dunia yalielekezwa zaidi Kilimanjaro, Serengeti na Zanzibar. Mradi wa REGROW wa Benki ya Dunia, wa dola milioni 150, ulikusudiwa kuinua utalii wa kusini. Fedha zikasimamishwa Aprili 2024 na mradi kufungwa mwishoni mwa mwaka huo, baada ya malalamiko ya wananchi kuhusu mateso na kuondolewa kwenye ardhi kandokando ya Ruaha. Msimulizi wa safari anayeonyesha tembo pekee, bila wakulima na wafugaji wa Usangu, anasimulia nusu. Kupata nusu ya pili kunahitaji siku nyingi kijijini, na kamera mpya yenye kihisi kikubwa, ambayo bei yake huzidi ya pikipiki mpya, ni siku nyingi sana za nauli, chakula na mwenyeji wa kukuongoza.

Bado kuna mpangilio mmoja wa simu ambao hakuna duka linaloutaja. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa hatua chache. Mizizi ya okidi za nyanda hizi huchimbwa na kuvushwa hadi Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Watafiti walikadiria mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwa okidi hadi milioni 4 zilikuwa zikiondoka kwa mwaka, na biashara hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za Kitulo kuwa hifadhi. Picha ya ua adimu yenye alama ya mahali ni ramani mkononi mwa mchimbaji. Ya kipunji ni ramani kwa mtega mitego. Zima alama hiyo kabla ya kuingia msituni, na unapochapisha andika Kitulo na mwezi tu. Anayetaka kuliona ua hilo atafika ofisi za hifadhi, atalipa kiingilio, na ataongozwa na kijana wa Matamba anayejua lilipo na anayelipwa kwa kujua huko.